Nani Kashika Makapeni

Darasa la kwanza la watu wazima nililoliona halikuwa na mwalimu. Lilikuwa na redio ya betri iliyotundikwa kwenye tawi la mkwaju. Ilikuwa mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya imepamba moto, na mama alikuwa mwanakikundi. Nilifuatana naye kwa kuwa nyumbani hapakuwa na wa kuniachia. Radio Tanzania ilizungumza kwa muda mfupi kuhusu malaria, safura au kichocho. Redio ikishazimwa, aliyejua kusoma alisoma sura ya siku ile kwa sauti, watu wakabishana, na kabla ya kutawanyika wakakubaliana kitakachofanyika kabla ya kukutana tena: kufyeka majani, kufukia madimbwi, kuchimba choo. Kiongozi wa kikundi alikuwa jirani yetu, mkulima kama wengine, aliyepewa mafunzo mafupi na kitabu. Nchi nzima walifundishwa viongozi wa aina yake zaidi ya 70,000, na walioketi kwenye vikundi walikaribia milioni mbili.

Namkumbuka mzee mmoja aliyesimama na kusema babu yake hakuwahi kuwa na choo, na alikufa akiwa na meno yake yote. Watu wakacheka. Kiongozi hakumpinga wala hakumsomea kitabu. Alimuuliza tu, "Mzee wangu, huyo babu alizika watoto wangapi?" Mzee akakaa. Wanawake ndio waliojibu, kila mmoja akitaja wa kwake waliokwenda na tumbo la kuhara. Choo cha yule mzee kilichelewa sana kuchimbwa, lakini kilichimbwa.

Nilipokuja kuajiriwa kwenye kazi ya kufundisha watu wazima ndipo nilipofahamu kuwa mkwaju ule ulikuwa na ukoo. Sensa ya 1967 ilikuta theluthi mbili hivi ya watu wazima hawajui kusoma na kuandika. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Paulo Freire, yule Mbrazili aliyesema shule nyingi humchukulia mwanafunzi kama benki ya kuwekea akiba ya mwalimu, alifika Tanzania miaka hiyo na kuzungumza na wakufunzi wetu. Jane Vella, mtawa wa Maryknoll kutoka Marekani, alifanya kazi hapa zaidi ya miaka 20, kisha akarudi kwao na kuandika vitabu vya kuwahimiza wakufunzi wasikilize kabla ya kufundisha. Kitabu chake cha 1994 kilinifikia kupitia kwa mfadhili, kwenye boksi la nyenzo mpya za kigeni. Nilikisoma nikicheka peke yangu, kwa maana sehemu kubwa ya yaliyomo ilikuwa imeota kwenye udongo wa Tanzania.

Shirika lililoniajiri Dodoma mwanzoni mwa miaka ya 1990 lilikuwa limeshausahau mkwaju. Tulikuwa na semina. Aliyewahi kuhudhuria semina ya miaka ile hahitaji kusimuliwa: washiriki wamekaa tangu saa mbili, mgeni rasmi anaingia saa nne, risala inasomwa, hotuba ya ufunguzi inafuata, picha ya pamoja, chai. Kinachobaki cha asubuhi anapewa mtoa mada. Mtoa mada ametoka ofisi ya mkoa, ana kurasa zake zilizopigwa chapa, na anazisoma mpaka ya mwisho. Akimaliza anauliza kama kuna swali. Swali lipo, nalo ni la nauli. Mwisho wa siku ya tatu kila mtu anapewa kabrasha, bahasha ya posho na cheti. Makabrasha yale niliyakuta baadaye vijijini yakifungia maandazi, na sioni kosa la wale waliofanya hivyo. Andazi angalau lilikuwa na mlaji.

Mabadiliko ya kwanza yalikuja na fimbo. Robert Chambers wa Sussex na wenzake waliokuwa wakifanya kazi Kenya, India na kwingineko walikuwa wameeneza namna ya kukaa na wanakijiji ili wao wenyewe wachore, wahesabu na wapange vipaumbele. Kwa upande wetu wa Afrika Mashariki, kijiji cha Mbusyani, Machakos, ni miongoni mwa vya kwanza kutumiwa kujaribu njia hiyo, mwaka 1988. Agizo kuu la Chambers lilikuwa jepesi kulitamka: mkabidhi mwenyeji fimbo, halafu kaa pembeni.

Nililiona likitekelezwa, na nikaliona likivunjwa, ndani ya saa moja. Tulikuwa kwenye kijiji kimoja cha Mpwapwa, uwanja umefagiliwa vizuri. Wanaume walichora ramani ya kijiji chini: barabara, ofisi ya chama na uwanja wa mnada. Kisha wanawake wakapewa fimbo, na ramani ikaanza kupumua: korongo linalofurika Machi na kuwakata watoto na shule, kisima cha chumvi, kisima kinachokauka Septemba, nyumba ya mkunga. Bibi mmoja alikuwa amepiga magoti akiweka kokoto mahali ambapo nyumba zilihama baada ya njaa. Afisa wa wilaya tuliyekuja naye akashindwa kuvumilia. Barabara ilikuwa imepinda, naye alijua kwamba haijapinda. Akamwomba bibi fimbo, kwa heshima zote, "Samahani mama, niazime kidogo," akanyoosha mstari, akafuta kisima kimoja alichosema hakimo kwenye orodha ya idara, kisha akamrudishia fimbo. Bibi aliipokea akaishika tu. Tangu pale hapana mwanakijiji aliyeinama tena. Ramani ilimaliziwa na afisa, ikanakiliwa, ikaenda kwenye ripoti ikiitwa ramani ya wananchi.

Nimemfikiria sana afisa yule kuliko nilivyowafikiria wataalamu wote niliowasoma. Hakuwa mtu mbaya. Alijua jambo, na kwake kujua jambo lilikuwa sababu tosha ya kuchukua fimbo.

Ukumbini nako hali ilikuwa hiyohiyo, ila fimbo ilikuwa imegeuka makapeni, ile kalamu nene ya kuandikia bango. Tuliwagawa washiriki kwenye vikundi vya watu wanane, kila kikundi kikapewa karatasi ya bango kitita. Makapeni ilikwenda yenyewe kwa mwalimu wa shule ya msingi au mtendaji wa kijiji, kama maji yanavyofuata bonde. Wale saba waliobaki walitazama mgongo wake. Wakati wa kuwasilisha, mwenye makapeni ndiye aliyesimama, na mawazo ya kikundi yalikuwa yake kwa mwandiko mzuri. Ndipo nikaanza kubeba kadi ndogo, moja kwa kila mtu, na mfuko wa kunde kwa wasioandika. Ukitaka kujua kamati inatumiaje fedha za mfuko wa maji, mpe kila mjumbe punje ishirini azigawe mafungu chini. Ugomvi unaotokana na mafungu hayo ni somo la asubuhi nzima, na mwenye mwandiko mzuri hana nafasi ya kuuzima.

Kisha ikaja projekta. PowerPoint yenyewe ilitoka mwaka 1987, lakini kwetu ilishika kasi miaka ya 2000, kompyuta za mkononi zilipoanza kuingia kwenye bajeti za miradi. Ghafla kila mtu akawa mtoa mada tena. Ukumbi ulizimwa taa, mapazia yakavutwa, slaidi zikafuatana, kila moja na mistari kumi na mbili ya maandishi ya kukazia macho, na mwezeshaji akizisoma neno kwa neno akiwa amewapa watu kisogo. Hapo hata chakula cha mchana hakikuwa na haja ya kuwa kizito. Giza pekee liliwatosha washiriki kusinzia. Mgao wa umeme wa mwaka 2006 ulikuwa balaa kwa wenye viwanda, lakini naapa uliokoa semina kadhaa nilizohudhuria. Umeme ukikatika, mwezeshaji alilazimika kugeuka na kuzungumza na watu.

Miaka hiyo ndiyo nilipoanza kusoma wanaochunguza akili inavyopokea mambo, nikiwa nimechoka kuambiwa kwamba tatizo ni washiriki wetu wenye elimu ndogo. Richard Mayer wa California ameonyesha kwa majaribio mengi kwamba mtu hujifunza vizuri zaidi kwa picha inayoelezwa kwa sauti kuliko kwa picha yenye maelezo ya sauti na maandishi yaleyale juu yake kwa wakati mmoja. Macho yanasoma kwa mwendo wake, masikio yanapokea kwa mwendo wake, na mtu anahangaika kuyalinganisha badala ya kufikiri. Wanafunzi wa Mayer walikuwa wa chuo kikuu. Kwa hiyo mzee mmoja wa Kongwa aliyewahi kusinzia mbele ya slaidi zangu alikuwa na akili sawasawa na za wasomi wa California.

Nilikutana pia na uongo, tena uongo wenye rangi nzuri. Kila mafunzo ya wakufunzi niliyohudhuria yalikuwa na slaidi ya piramidi: watu hukumbuka asilimia 10 ya wanachosoma, 20 ya wanachosikia, 30 ya wanachoona, na kuendelea mpaka 90 ya wanachofanya. Chini yake huandikwa jina la Edgar Dale. Dale alikuwepo kweli, na mwaka 1946 alichora koni ya aina za uzoefu, kutoka maneno matupu hadi kutenda. Ila koni yake haikuwa na asilimia hata moja. Tarakimu zile zilipachikwa na wengine, na wala hazitokani na jaribio lolote linalojulikana. Hata bila kusoma, mwenye kupima kitu chochote angeshtuka kuona binadamu wakikumbuka kwa makumi kamili. Nilipolisema hilo kwenye warsha moja, mwezeshaji aliniambia, "Kaka, hata kama si kweli, inasaidia." Hatujaelewana hadi leo.

Kilichobadilisha kazi yangu kabisa ni pampu. Mtaala wa kamati za maji ulikuwa umeandikwa makao makuu: siku tatu, asubuhi nzima ya kwanza ikiwa ni Sera ya Maji ya 2002, siku ya pili utunzaji wa kumbukumbu, siku ya tatu pampu, kwa slaidi yenye mchoro uliokatwa ubavu na mishale. Kulikuwa na jaribio la awali na jaribio la mwisho. Jaribio la mwisho lilifanywa dakika kumi baada ya majibu kutajwa, kwa hiyo kila mtu alifaulu na ripoti ikapendeza. Funika kombe mwanaharamu apite. Miezi michache baadaye pampu ikigoma, kijiji kilimtafuta fundi wa wilaya kama kilivyokuwa kikifanya kabla ya mafunzo.

Siku moja, huko Kongwa, mishale ikiwa ukutani, mjumbe mmoja mama wa makamo alininyooshea mkono. "Mwanangu, hiyo picha tumeiona. Pampu yenyewe iko hapo nje. Mbona hatuendi?"

Tukaenda. Ilikuwa Afridev, pampu ambayo kwa sehemu kubwa ilijaribiwa na kurekebishwa Kwale, pwani ya Kenya, miaka ya 1980, kwa kusudi hasa la kutengenezwa na wanakijiji. Kazi karibu zote zinatimizwa kwa spana moja. Unafungua kifuniko cha kichwa, unatoa mpini, unavuta vyuma juu kimoja baada ya kingine, na pistoni inakuja navyo kupitia ndani ya bomba lilelile la maji, bila kung'oa bomba. Pale kwenye pistoni pana mpira mdogo ambao ukiliwa, watu wanapampu hadi mabega yaume na maji hayaji. Wabunifu walikuwa wameshafanya kazi ya ualimu ndani ya chuma chenyewe. Sisi ndio tuliofunika kazi yao kwa slaidi.

Mzunguko wa kwanza ulichukua muda mrefu na vyuma viliangukia mguu wa mtu. Fundi wetu alinyoosha mkono kuchukua spana. Nikamkumbuka afisa wa Mpwapwa, nikamshika fundi bega. Mama yule akafungua mwenyewe. Alipoutoa mpira wa zamani na kuuweka kando ya mpya, aliupitisha kwa wenzake, kila mmoja akaupapasa kwa kidole gumba pale ulipoliwa. Halikuwepo swali hata moja la nauli. Wakaifunga, maji yakatoka, na nikawaomba waifungue tena. Walininung'unikia. Mara ya tatu walifanya bila kunitazama.

Tangu hapo naanza kupanga mafunzo kutoka mwisho: mtu huyu akirudi kwake, Jumatatu asubuhi atafanya nini ambacho leo hawezi? Swali hili ni katili kwa mada. Sera ya Maji ya 2002 ilikuwa waraka muhimu, lakini mjumbe wa kamati alihitaji jambo moja kubwa ndani yake, kwamba gharama za uendeshaji na matengenezo ni za watumiaji wenyewe, na hilo lilimalizika kwa dakika kumi, halafu muda wote uliobaki ukawa wa mazoezi ya kumkabili jirani asiyetaka kuchangia. Tunaigiza. Anayeigiza mkaidi huwa ni mkaidi kweli, wanakijiji hawakosei kumchagua.

Tulibadili pia rejea ya jana. Zamani mshiriki aliyeteuliwa alisimama asubuhi akasoma muhtasari alioandika usiku, wengine wakapiga makofi ya kilo, tukaendelea. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha jaribio ambalo nalipenda kwa unyofu wake. Kundi moja lilisoma matini na kurudia kuisoma. Jingine lilisoma, kisha likafunga na kuandika linachokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki walikuwa nyuma. Basi kwetu sasa madaftari yanafungwa, kila mtu anamweleza mwenzake mambo ya jana kwa mdomo, na pale wanapokwama ndipo tunapoanzia. Washiriki hawaipendi nusu saa hiyo. Kukwama kunaumiza mbele za watu, na mtu mzima ana heshima yake, ndiyo maana tunaifanya wawili wawili.

Waliokuwa wamelitambua jambo hili zamani ni wanawake wa vikundi vya kuweka na kukopa. Mtindo huo ulianza Niger mwaka 1991, kwa wanawake ambao wengi wao hawakusoma, na VICOBA zetu ni wajukuu wake. Kwenye kikundi kimoja nilichokuwa nikikitembelea nje kidogo ya mji wa Dodoma, sanduku lina kufuli tatu, funguo zinakaa kwa wanawake watatu, na sanduku halifunguliwi kabla mwenyekiti hajauliza, "Jamani, wiki jana tulifunga na shilingi ngapi?" Wote wanajibu kwa pamoja, hadi mia ya mwisho. Ndipo sanduku linafunguliwa na fedha zinahesabiwa. Hakuna daftari la kuibwa wala la kughushi, kwa sababu salio liko kwenye vichwa vya watu wazima wote waliopo, na linakumbushwa kila wiki.

Kila wiki. Neno hilo ndilo lililonigombanisha na wahasibu. Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe na kuonyesha mwaka 1885 kwamba tunachojifunza kwa mkupuo kinatuponyoka upesi, na kwamba kukirudia kwa vipindi kunakishikiza. Miaka zaidi ya mia imepita, na bajeti bado zinapenda siku tatu mfululizo ukumbini. Siku tatu zina risiti moja ya ukumbi, orodha moja ya mahudhurio, picha moja ya pamoja. Nilipopendekeza tuzivunje ziwe nusu siku kijijini, kwa majuma kadhaa, niliulizwa posho italipwaje, na si mfadhili pekee aliyeuliza. Washiriki ndio waliouliza kwa sauti zaidi. Siwalaumu. Mtendaji wa kijiji aliyezoea kulala mjini siku tatu alikuwa na hesabu zake za ada ya watoto ndani ya zile bahasha. Serikali ilipobana matumizi mwishoni mwa 2015 na semina za watumishi hotelini zikapungua, mlango ulifunguka kidogo. Tulihamia kwenye madarasa ya shule na chini ya miti, chai ikipikwa na akina mama wa palepale, na baadhi ya watu waliacha kuja. Waliobaki ndio wenye pampu.

Wakati wa korona wafadhili walihamia kwenye mikutano ya mtandaoni, na slaidi za mistari kumi na mbili zikafufuka, safari hii kwenye kioo cha simu. Sasa vijana ninaofanya nao kazi wanaiagiza akili mnemba iwatengenezee slaidi thelathini kabla chai haijapoa, nzuri za kupendeza, mara nyingine na piramidi ileile ya asilimia. Nikimuuliza kijana mshiriki atafanya nini Jumatatu, anarudi kuiuliza mashine.

Mafundi wa pampu nao wana kundi lao la WhatsApp, vijiji kadhaa vya Kongwa na Mpwapwa. Hivi karibuni mmoja alituma picha ya pistoni na ujumbe wa sauti kwamba maji yanakuja kwa kusuasua. Nilikuwa njiani, nikasimamisha gari nikarekodi maelezo marefu, nikaanzia kwenye kina cha kisima, nikaja kwenye valvu ya chini, nikamalizia na uchakavu wa mpira. Kufikia wakati natuma, mama mmoja wa kijiji cha pili alikuwa ameshamwambia mwenzake azungushie duara kwenye picha pale mpira ulipolika, akamwelekeza duka la Kibaigwa lenye mpira wa saizi ile, na picha ya ndoo inayojaa ilikuwa imeshawekwa. Maelezo yangu yako hapo chini yake mpaka leo, hayajasikilizwa na mtu hata mmoja.